Mboga, matunda na kansere: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Bukavu

Maswali haya tunayasikia kwenye foleni ya kituo cha afya, mlangoni mwa kanisa, na zaidi kwenye sauti za WhatsApp zinazotumwa usiku. Tumeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza. Majibu ni ya watu wa lishe. Kwa mgonjwa, neno la daktari aliyempima ndilo la kwanza.

Je, ni kweli kuna mboga zinazozuia kansere?

Mboga moja yenye kazi hiyo hakuna. Kuna namna ya kula, na hapo ushahidi upo, hasa kwa saratani ya utumbo mpana. Wanaokula maharagi, majani, matunda na nafaka isiyokobolewa miaka yote hupata saratani hiyo kwa nadra kuliko wanaoshibia nyama, sukari na unga mweupe. Sehemu kubwa ya sababu ni nyuzinyuzi, zile ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti, nayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Choo nacho huwa laini na kupita upesi, kwa hiyo uchafu haukai ukigusa ukuta ule kwa muda mrefu.

Aliyelipigia kelele jambo hili ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu 20. Aliona kwamba saratani ya utumbo, iliyokuwa inaua watu wengi Ulaya, ilikuwa nadra sana kwa wanakijiji aliokuwa akiwatibu. Baadhi ya aliyoyasema yalipingwa baadaye, lakini shina lake limesimama. Mwaka 2015 kulitolewa jaribio dogo ambalo sisi tunalipenda: Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 hivi za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Waafrika wakapewa nyama na mafuta mengi. Katika wiki hizo mbili tu, dalili za uvimbe na za seli kuzaliana ovyo kwenye utumbo zilishuka kwa wa kwanza na kupanda kwa wa pili. Watu 40 kwa siku 14 hawawezi kuthibitisha kwamba ugonjwa wenyewe umezuiwa. Ila jaribio hilo linaonyesha utumbo unavyosikia haraka.

Tunalirefusha jibu hili kwa makusudi. Hapa kwetu mtu akipata pesa kidogo, kitu cha kwanza kuondoka mezani ni maharagi na lengalenga, ikaingia mikate myeupe na sosisi. Anadhani amepanda ngazi. Tena sosisi na nyama nyingine za kusindikwa ziliwekwa mwaka 2015, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (CIRC), kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani ya utumbo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Muhogo na viazi havihesabiwi humo.

Hizo kemikali za mimea zinafanya nini mwilini?

Mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu, kwa hiyo unajilinda kwa uchungu, harufu na rangi. Kemikali hizo ni maelfu na kila moja ina njia yake, kwa hiyo tuchukue moja tu: ya shu (kabichi).

Ndani ya jani la shu kuna vitu viwili vilivyotengwa, glukosinoleti upande mmoja na kimeng'enya upande mwingine. Ukilikata au kulitafuna, vinakutana, na hapo hapo inazaliwa kemikali kali. Ndiyo ile harufu inayopanda puani. Mojawapo ya jamii hiyo ni sulforafani, ambayo Paul Talalay na wenzake wa Johns Hopkins kule Marekani waliitoa kwenye brokoli mwaka 1992. Mwili huiona kama sumu ndogo, nao hujibu kwa kuongeza vimeng'enya vyake vya kusafisha sumu. Kule Qidong, China, watu waliokunywa maji ya miche ya brokoli walitoa kwa mkojo sumu zaidi za moshi wa hewani, hasa ya benzini, kuliko waliokunywa maji mengine. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014. Kutoa sumu kwa mkojo ni habari njema, lakini bado hakuna aliyehesabu saratani zilizopungua.

Kwa mpishi, hili lina maana yake. Kile kimeng'enya hufa kwa moto wa muda mrefu. Katakata shu, iache dakika chache kwenye sinia, kisha ipitishe motoni kwa muda mfupi. Ukiichemsha saa nzima na kumwaga maji, umemwaga kilichokuwa na faida. (Usihamishie ushauri huu kwenye sombe, yale majani ya muhogo! Tutafika huko.)

Basi si ninunue vidonge au unga wenye kemikali hizo, nimalize kazi mara moja?

Hapana. Kama kuna jibu moja la kukumbuka kwenye ukurasa huu mzima, liwe hili.

Miaka ya 1980 wanasayansi waliona kwamba watu wenye beta-karotini nyingi damuni, ile rangi ya karoti na ya mafuta mekundu ya mawese, hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Ikaonekana wazi: tuwape watu vidonge. Finland walikusanya wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yakatoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Zaidi. Watu wengi hawakuamini, wakasubiri jaribio la Marekani lililokuwa likiendelea na watu 18,314, wavutaji na waliofanya kazi kwenye asbesto, waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Hilo lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, maana saratani ya mapafu ilikuwa imepanda kwa asilimia 28. Halafu mwaka 2011 ikaonekana kwamba vidonge vya vitamini E viliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Karoti ya Kabare haina hatia hapo. Anayekula karoti hupata kidogo, polepole, pamoja na nyuzinyuzi na mamia ya vitu vingine, na mara nyingi ni mtu ambaye hata sigara havuti. Kidonge huchukua kitu kimoja, kinakikuza mara nyingi, kinakitupa ndani ya mwili uliokwisha kuumizwa na moshi. Kwa hiyo ukiuziwa kopo la dola 30 pale mjini na kuambiwa "ni mimea tu, haina madhara", kumbuka wale wavutaji wa Finland. Kwa dola 30 familia inakula mboga wiki nyingi.

Nimesoma kwamba manjano, au kitunguu saumu, "inaua seli za kansere kwenye maabara". Si ni ushahidi?

Javeli nayo inaua seli za saratani kwenye maabara, na hakuna anayeinywa. Kwenye kisahani, seli huogeshwa moja kwa moja ndani ya kemikali. Ukila manjano, kurkumini yake haipiti vizuri kwenye utumbo, na kidogo kinachopita ini hukibadilisha na kukitoa upesi. Damuni kunabaki chembe. Tia manjano na saumu kwenye chungu kwa sababu chakula kinanoga. Na ukiona habari ya namna hiyo, tafuta neno moja: watu. Walikuwa watu, panya, au kisahani?

Majani ya mstafeli je? Jirani anayachemsha kila asubuhi.

Mwambie aache. Mstafeli una kemikali inayoitwa anonasini, ambayo ni sumu kwa seli za neva. Huko Guadeloupe, kisiwa ambako watu hula sana matunda hayo na kunywa majani yake, madaktari waliandika mwaka 1999 kuhusu wagonjwa wengi wa ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, unaofanana na Parkinson lakini usiosikia dawa za Parkinson. Kula tunda lenyewe mara moja moja hakutishi. Kunywa majani kila siku ukitafuta kuponya saratani ni kununua ugonjwa wa pili, wala wa kwanza haujaondoka.

Wanasema sombe ina "vitamini B17" na ndiyo sababu wazee wetu hawakujua kansere. Ni kweli?

Hili ni swali la nyumbani kabisa. B17 si vitamini. Ni jina la biashara lililopachikwa kwenye amigdalini, kemikali ya mbegu za aprikoti, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Muhogo na majani yake yana ndugu yake, linamarini, nayo hutoa sianidi vilevile. Waliobuni biashara hiyo walidai kwamba sianidi huua seli za saratani na kuziacha zilizo nzima. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 178 waliopewa dawa hiyo: hakuna aliyepona, na baadhi walionyesha dalili za kulishwa sianidi.

Mama zetu walijua kuhusu sumu ya muhogo kabla ya maabara yoyote. Ndiyo sababu sombe inatwangwa mpaka iwe laini, kisha inachemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa: kutwanga huachilia sianidi, moto huipeleka hewani. Ndiyo sababu pia muhogo mchungu unalowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Pale ambapo njaa au vita vimewafanya watu waharakishe kazi hiyo, hapa Kongo kumetokea konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango. Anayekuambia uile sombe nusu mbichi ili "B17 isipotee" anakupeleka huko.

Na wazee kutojua kansere? Wengi walikufa kabla ya umri wake, na waliokufa nayo hakuna aliyewapima. Sombe iliyoiva vizuri, kwa upande wake, ni chakula kizuri: ina protini, karotini na nyuzinyuzi. Kula na sambaza, ushibe.

Lakini dawa za kansere za hospitali si zinatoka kwenye mimea?

Nyingi, ndiyo. Vinkristini inatoka kwenye ua la Madagascar, lile la waridi na jeupe linalopandwa mbele ya nyumba. Ndiyo mojawapo ya dawa za leukemia ya watoto na za uvimbe wa taya ulioitwa kwa jina la yule yule Burkitt. Paklitakseli ilitolewa kwenye gome la mti wa magharibi mwa Marekani na ikaruhusiwa huko mwaka 1992.

Sasa angalia kiasi. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja ya vinkristini, na mtu mzima hupewa kwa kawaida si zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, kwenye mshipa, kwa uangalizi mkali. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo inaua. Bukavu inaelewa jambo hili kuliko miji mingi, maana tumeishi na mashamba ya kinkina na kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kinini kwenye gome lake. Kila mtu hapa anajua kwamba kutafuna gome siyo kumeza dozi. Kwa saratani ni vivyo hivyo, ila ukikosea unalipa zaidi.

Mti mwingine wa milima yetu, Prunus africana, gome lake husafirishwa Ulaya kwa ajili ya wazee wanaosumbuliwa na mkojo kwa sababu tezi dume imevimba. Uvimbe huo si saratani na gome hilo halitibu saratani. Mzee anayekojoa kwa shida apimwe kwanza, ijulikane ni kipi kati ya viwili.

Kitu cha asili kinaweza kuleta kansere?

Kinaweza sana. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya mimea ya Kichina vya kupunguza unene kwenye kliniki moja. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya aristolokia. Mwaka 2000 madaktari wa Ubelgiji wakaeleza kwamba kati ya wagonjwa 39 waliotolewa figo zilizokufa na mirija yake, 18 walikuwa tayari na saratani ya njia ya mkojo. Asidi ya aristolokia inaingia kwenye vinasaba na kuacha alama.

Na karanga zenye ukungu? Tunazikaanga, moto unaua kila kitu.

Moto unaua ukungu, sumu inabaki. Hapa ndipo tungependa watu watumie nguvu wanazotumia kutafuta majani ya ajabu.

Ukungu uitwao Aspergillus huota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka, nao hutoa aflatoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za kuleta saratani ya ini. Joto la jikoni haliivunji vya kutosha, kusaga ndiyo kunaieneza kwenye unga wote. Ikiwa nyingi sana inaua kwa siku chache: mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi, 125 wakafa. Ikiwa kidogo kidogo haionekani, na ini linahesabu miaka.

Tena haifanyi kazi peke yake. Utafiti wa wanaume wa Shanghai, uliotolewa mwaka 1994, ulilinganisha hatari ya saratani ya ini. Aliyekuwa na aflatoksini mwilini peke yake: mara 3 hivi kuliko asiye na chochote. Aliyekuwa na virusi vya hepatiti B peke yake: mara 7 hivi. Aliyekuwa na vyote viwili: karibu mara 60. Eneo letu lina hepatiti B, lina mvua nyingi, na lina mahindi yanayosafiri siku nyingi ndani ya magunia yaliyolowa.

Kinachosaidia hakina ufundi. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Chambua karanga moja moja kabla ya kutwanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au chungu mdomoni, tupa, kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu. Usinunue unga wa karanga uliokwisha kusagwa kama hujui ulisagwa kutoka wapi, maana karanga mbaya ndizo zinazofichwa kwenye unga. Zilizotupwa usiwape kuku; sumu inawadhuru na wao. Na mtoto apelekwe chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani yake mna kinga ya hepatiti B. Mtu mzima naye aombe kipimo.

Uji wa soya unaleta kansere ya matiti?

Hapana. Soya ina isoflavoni, zinazofanana kwa umbo na homoni ya kike, ndipo hofu ilipoanzia. Lakini zinagusa mwili kwa udhaifu na kwa namna tofauti, na tafiti za Asia, wanakokula soya tangu utotoni, zinaonyesha hatari sawa au ndogo zaidi. Sosoma ya watoto iendelee.

Nyanya na tezi dume?

Likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, kama sisi tunavyofanya siku zote. Ushahidi kwamba inazuia saratani ya tezi dume ni hafifu. Endelea na mchuzi.

Kahawa ya moto na chai ya moto?

Kahawa haina kesi: mwaka 2016 CIRC iliiondoa kwenye orodha ya washukiwa, na kwa ini inaonekana hata kusaidia. Tatizo ni joto. Kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65, hata maji matupu, kinashukiwa kuleta saratani ya umio. Kama kinakuunguza ulimi, subiri.

Kasiksi ni ndizi tu, si matunda?

Ilikuwa ndizi. Sasa ni pombe, na pombe iko kwenye kundi moja na tumbaku: inaleta saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo na matiti. Kanyanga ndiyo kabisa.

Mboga gani inazuia kansere ya mlango wa kizazi?

Hakuna. Karibu yote inaletwa na virusi vya papiloma, ugunduzi uliompa Harald zur Hausen tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwanamke aliyefika miaka 30 aombe kupimwa. Kipimo cha siki huchukua dakika chache na kikionyesha doa linaweza kutibiwa kabla halijawa saratani. Mwenye virusi vya ukimwi aanze akiwa na 25. Tafadhali msichelewe kwa sababu ya juisi.

Mama yangu yuko kwenye kemotherapia. Tumpe juisi ya betravi, mubirizi na pamplemusi?

Betravi ni chakula, ampe kama anaipenda. Rangi yake si damu, na madini ya chuma yaliyomo ni machache. Pamplemusi iachwe mpaka daktari aseme: inazuia kimeng'enya kimoja cha utumbo, na baadhi ya dawa za saratani hupanda damuni kuliko ilivyopimwa. Mubirizi na majani mengine machungu, na vidonge vya mimea vya Ulaya kama millepertuis, visitumike kimyakimya. Millepertuis hushusha nguvu ya baadhi ya dawa hizo. Mpeleke daktari orodha yote, hata ya yale ambayo mganga alisema msiyataje.

Kinachomwangusha mgonjwa wa kemo mara nyingi ni kutokula. Uji mzito wenye karanga nzuri, mayai, sambaza, avoka, maharagi yaliyopondwa, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Wakati chembe nyeupe za damu ziko chini, saladi mbichi zisubiri, matunda yamenywe, na maji yachemshwe hata kama yametoka kwenye bomba. Akipata homa ya nyuzi 38, msimpe chochote cha kunywesha cha nyumbani. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.